Kiboko na Sheria ya Tatu ya Utani

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Chungu.

Ndani ya chungu?

Kunde.

Mwenye kunde?

Mdogo.

Aliyezitolea macho?

Mkubwa.

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna kwa adabu. Hadithi hii ina watu wenye njaa ndani yake.

Hapo kale, kwenye kilima cha mawe karibu na mto, aliishi Pimbi. Mjane. Alikuwa na watoto wanne, mama mkwe mmoja, na mkia hakuwa nao. Mali yake yote ilikuwa chungu kimoja cha kunde za mbegu, zimechanganywa na majivu zisiliwe na fukusi. Mvua ya kwanza ikinyesha, kunde ziingie ardhini. Kunde zikiingia ardhini, watoto watakula. Zisipoingia, basi. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Na ng'ambo ya mto aliishi Kiboko.

Kiboko alikuwa mtani wa kila mtu. Utani mnaujua, ila nitaueleza kwa ajili ya wale waliokulia mahali ambako watu hununa. Babu wa Kiboko alipigana vita na mababu wa wanyama wote, wakachoka, wakasema vita basi, sasa tutaniane. Wakaweka sheria tatu. Ya kwanza: mtani akichukua kitu chako, hakuiba. Ya pili: mtani akikutania, unacheka, ukinuna umevunja utani, na mvunja utani huwalisha watani wake siku saba. Ya tatu tutaikuta mbele. Kiboko naye aliiacha huko mbele, ndiyo maana leo tuna cha kusimulia.

Sheria ya kwanza na ya pili Kiboko alizipenda kama alivyolipenda tumbo lake.

Gudu, gudu, gudu. Kiboko kwa Kima.

"Mtani, sura yako leo kama jungu lililosahauliwa motoni."

Akabeba mikungu mitatu ya ndizi. Mmoja akala, miwili akaiweka ghalani kwake. "Utani tu," akasema. Kima akacheka, he he he, machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko.

Gudu, gudu, gudu. Kiboko kwa Nungunungu.

"Mtani, hivi mkeo hukukumbatia kwa upande gani?"

Akang'oa mihogo matuta mawili. Tuta moja akala, moja akaliweka ghalani. "Utani tu." Nungunungu akacheka, he he he, na miiba yote ikamsimama.

Gudu, gudu, gudu. Kiboko kwa Kanga. Mtama. Utani tu. He he he.

Kisha siku moja, mawingu yameanza kujipanga upande wa kusini, gudu, gudu, gudu, Kiboko kwa Pimbi.

Pimbi alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga.

"Mtani," akasema Kiboko, "nusura nikukanyage. Nilidhani kokoto."

"Na mimi nilikuona unakuja nikaanua nguo," akasema Pimbi. "Nilidhani wingu."

Kiboko akacheka sana, maana utani mzuri aliujua akiusikia. Akacheka huku anaingiza kichwa ndani ya nyumba. Akacheka huku anakitoa. Kilipotoka, kilikuwa na chungu mdomoni. Akakiweka chini ili aweze kusema.

"Utani tu."

"Hizo ni mbegu, mtani," akasema Pimbi.

"Mbegu ni kunde ambazo hazijapikwa."

"Mvua ikinyesha sina cha kupanda."

"Mvua ikinyesha ndipo nitakapozichemsha. Kunde za moto na mvua ya kwanza. Nimelifikiria jambo hilo tangu kiangazi kianze."

"Mtani, nina watoto wanne."

Kiboko akainamisha kichwa, taratibu, mpaka jicho lake likawa mbele ya pua ya Pimbi.

"Unanuna?"

Pimbi akalitazama jicho. Akalitazama tumbo lililokuwa nyuma ya jicho. Akafikiria kulilisha tumbo hilo siku saba.

"Sinuni," akasema. "Nacheka. He."

"He moja tu?"

"He he."

Chungu kikaenda zake.

Pimbi alikuwa raia mwema, jamani, hakuanza kwa ujanja. Alianza barazani. Hakimu wa pale alikuwa Yangeyange, ndege mweupe, msafi, mwenye shingo ndefu ya kutazamia mambo. Baraza lake lilikuwa juu ya mgongo wa Kiboko. Hapo ndipo alipokaa, na hapo ndipo alipopata chakula chake cha mchana, maana mgongo ule ulikuwa na kupe wa kutosha mahakama nzima.

"Mheshimiwa, nashitaki," akasema Pimbi.

"Unamshitaki nani?"

"Huyo uliyemkalia."

Yangeyange akatazama chini, kama aliyekuwa hajui amekalia nini.

"Amechukua mbegu zangu, mheshimiwa. Mvua i njiani."

Yangeyange akadonoa kupe mmoja, akafikiri. Akadonoa wa pili, akafikiri zaidi.

"Utani ni utani," akasema. "Mwingine."

Pimbi akarudi nyumbani, puru puru puru, akamkuta mama mkwe wake, Bi Kizee, ameota jua juu ya jiwe. Bi Kizee alikuwa na meno mawili, na yote mawili aliyatumia kusema.

"Umeshinda kesi?"

"Hakimu amekaa juu ya mshitakiwa, mama."

"Sikukuuliza amekaa wapi. Hakimu lazima akae mahali." Bi Kizee akajigeuza upande wa pili ili jua limpate sawasawa. "Alisema ni utani?"

"Alisema utani ni utani."

"Basi mshike hapohapo. Wewe mwanamke, sheria za utani ni ngapi?"

"Tatu."

"Ya tatu inasemaje?"

Miaka mingi hakuna aliyeitaja. "Kukiwa na msiba," akasema Pimbi polepole, "mtani ndiye anayechimba kaburi. Na mtani hula mwisho. Na mtani haondoki mpaka azike."

"Ehee."

"Lakini mama, hajafa mtu."

"Basi afe mtu."

Wakatazamana. Pimbi akamtazama Bi Kizee kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa.

"Usinitazame hivyo," akasema Bi Kizee. "Wapo wazee kuliko mimi."

"Nani?"

Bi Kizee akafikiri. Mawe akayaacha, maana hayazikwi.

"Haya, nitakufa. Ila nataka shuka jeupe, si lile lenye tundu. Na nisifiwe. Nimeishi miaka yote hii sijasikia sifa hata moja, nataka nizisikie nikiwa na masikio."

Pimbi akakaa chini. Moyo ulikuwa unamsuta. "Mama, uongo wa msiba ni uchuro. Ni dhambi."

"Na watoto kulala na njaa ni nini, baraka? Dhambi ipo, mwanangu, siikatai. Iweke pale darini pamoja na ungo. Tutaishusha tukishavuna."

Kesho yake asubuhi Kanga akatumwa. Akakimbia mpaka ng'ambo, kwe kwe kwe, kwe kwe kwe, Bi Kizee katutoka. Kiboko alipolisikia neno msiba, masikio yalisikia kilio lakini tumbo lilisikia wali. Akamwacha mkewe jikoni, akaja mbio, gudu-gudu-gudu-gudu, hakimu anayumba mgongoni.

Akakuta Kima, Nungunungu na wenzao, wote wanaoijua siri, wamekaa chini. Akakuta kitanda cha kamba, juu yake shuka jeupe, chini ya shuka kizee. Akakuta chungu kikubwa motoni. Hapo ndipo alipoingiwa na huruma.

"Poleni sana. Kinapikwa nini?"

"Karibu, mtani," akasema Pimbi, na akamkabidhi jembe.

"La nini?"

"La sheria ya tatu."

Kiboko akalitazama jembe. Akawatazama watani wake wote, nao wakamtazama, na kila mmoja alikuwa na uso wa mtu anayemsubiri mwenzake anune.

"Kwani nani amekataa?" akasema Kiboko.

Mnaujua udongo wa kilimani. Juu vumbi, chini kokoto, chini ya kokoto jiwe, na chini ya jiwe hasira. Kiboko akachimba. Ng'ee, ng'ee, jembe kwenye jiwe. Ngurrr, ngurrr, tumbo la Kiboko. Vumbi likamrukia hakimu, naye akaona ofisi imechafuka, akahamia juu ya fungu la udongo uliokuwa unatupwa nje. Udongo ule ulikuwa na minyoo.

"Linatosha?" akauliza Kiboko kutoka shimoni.

"Bi Kizee alikuwa anaogopa sana kunyeshewa," akasema Pimbi. "Ongeza."

Ng'ee, ng'ee. Ngurrr.

"Na chakula?"

"Mtani hula mwisho. Ongeza."

Na kadiri shimo lilivyozidi kwenda chini, ndivyo Kiboko alivyozidi kutoona yaliyokuwa yanapita juu.

Kima akasimama. "Naenda kukata kuni za msiba." Akavuka mto, akarudi amebeba mikungu miwili ya ndizi, akaikalia. Yake ilikuwa miwili iliyobaki. Nyuma yake mwanawe alikuwa na wa tatu.

Nungunungu akasimama. "Naenda kukata kuni." Akarudi na mihogo, tuta zima, na kapu ambalo halikuwa lake.

Kanga akasimama. "Naenda kukata kuni." Mtama.

"Kuni nyingi hizo," ikasema sauti ya Kiboko shimoni. "Mnampika nani?"

Kima akazidi kuikalia mikungu.

Mwisho akasimama Pimbi. "Naenda kuteka maji ya kumkoshea marehemu," akasema, akashuka, puru puru puru, akavuka, akaingia ghalani kwa Kiboko. Chungu chake kilikuwepo. Akakikumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni. Jambo lingeishia hapo, kama angetokea mlango aliouingilia. Lakini alitokea jikoni.

Jikoni alikuwepo mke wa Kiboko. Mwembamba, kwa kiboko. Unaolewa na tumbo la namna ile, unakonda. Na pembeni ya mafiga palikuwa na chungu kidogo, kimefunikwa kwa jani, kimetiwa majivu.

Mikono ya Pimbi ilikuwa na kazi, lakini kichwa kilikuwa na nafasi. Akakiweka chungu kidogo juu ya kichwa.

"Hizo ni mbegu zangu, mtani," akasema mke wa Kiboko. "Nililima pembeni ya mto, nikazificha asizione yeye."

Na ulimi wa Pimbi, ule ulimi mwema uliokwenda barazani na adabu zake, ukatangulia.

"Unanuna?"

Mke wa Kiboko akamtazama. "Sinuni," akasema. "Nacheka. He he."

Pimbi alikijua kicheko kile. Alikifahamu kama anavyofahamu sufuria zake. Lakini mguu ulikuwa umeshatoka nje, na mguu wa mwizi hauna breki. Puru puru puru, mpaka kilimani, na vyungu vyote viwili akavisukuma chini ya shuka la marehemu.

"Viwili?" shuka likanong'ona.

"Kaa kimya, mama, umekufa."

Alasiri Kiboko akapanda kutoka shimoni, mwekundu wa vumbi kutoka masikio hadi kucha. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kilima kama wageni waliokwisha kula. Yeye hakula bado. Lakini kabla ya kuzika, mtani humuaga maiti kwa utani, ndiyo mila, na Kiboko kwa utani hakuhitaji kusukumwa. Akasimama mbele ya kitanda.

"Marehemu amenenepa," akasema.

"Amevimba kwa huzuni," akasema Pimbi.

"Huzuni ya nini, si yeye aliyekufa?"

"Ndiyo hiyohiyo."

Kiboko akakohoa, akaanza. "Kizee huyu aliimba kama mlango wa zizi."

Shuka likatikisika.

"Shuka linatikisika."

"Upepo, mtani. Endelea."

"Meno yake yalikuwa mawili, nayo hayasalimiani."

Kima akajiziba mdomo kwa ganda la ndizi. Shuka likatulia. Bi Kizee alikuwa anajikaza, na kujikaza kule, jamani, wapo waliojenga nyumba za ghorofa kwa nguvu pungufu ya hizo. Hakuna aliyekuwa amemsifu hata kidogo tangu asubuhi.

Tone la kwanza likaanguka. Pwa. Likamwangukia Kiboko puani. Pwa, la pili.

"Mvua," akasema Kiboko, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyeitwa kwenye harusi. "Haya, kizee, lala salama. Mimi naenda kuzichemsha kunde zako. Na safari hii zitakuwa na chumvi, maana zako hazikuwahi kuwa nayo."

Bi Kizee akaketi.

"Chumvi nilikuwa natia!"

Shuka likaanguka. Vyungu vikaonekana. Kiboko akamtazama maiti. Akavitazama vyungu. Akamtazama Kima, akaona Kima amekalia nini. Akatazama mihogo, mtama, kapu. Akalitazama shimo, refu, lenye pembe nne, kazi ya siku nzima na tumbo tupu. Kisha akafungua mdomo. Akaufungua wote. Meno manne makubwa yakatoka kama pembe, na Pimbi aliyekuwa karibu akaona mpaka ndizi za juzi.

Pimbi akafikiria watoto. Akainua kichwa, akasema kwa sauti nyembamba:

"Umenuna, mtani?"

Wanyama wote wakasogea. "Amenuna?" "Mimi naona kama amenuna." "Tumwite na shangazi wa kule bondeni, naye ni mtani." Ukoo wa Kima ulikuwa thelathini. Wa Nungunungu, kumi na wawili. Wa Kanga haujawahi kuhesabika. Siku saba.

"Hakimu," akasema Kiboko, mdomo bado wazi. "Sema."

Yangeyange juu ya fungu la udongo akameza mnyoo mmoja, akafikiri. Akameza wa pili, akafikiri zaidi.

"Utani ni utani," akasema. "Mwingine."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka, na palikuwa na kitu kimoja tu cha kuutumia.

"Ho," akasema Kiboko.

"Ho moja tu?" akauliza Pimbi.

"Ho ho."

Na mvua ikashuka, pwa pwa pwa pwaaa, ikajaza shimo, na Kiboko, kwa vumbi na kwa aibu, akashuka ndani yake, akabakiza pua. Maji yakampoza. Toka siku ile hushinda majini, na akimwona mtu huchomoza, hupanua mdomo mpaka nyuma ya masikio. Watu wa leo husema anatisha. Hatishi. Analazimika kucheka.

Pimbi akapanda chungu chake chote mvua ileile, na watoto wanne wakafukia. Akafungua chungu kidogo, akapanda konzi ya kwanza. Akapanda ya pili. Bi Kizee alikuwa mlangoni amejifunga lile shuka jeupe, alikuwa amekataa kulirudisha.

"Hicho cha pili umekitoa wapi?"

"Utani tu, mama."

Bi Kizee akamtazama mkwewe, kisha akatazama juu darini, pale penye ungo, akaingia ndani.

Pimbi akasimama na konzi ya tatu mkononi mpaka mvua ikamlowesha mgongo. Kisha akairudisha chunguni. Akakifunika kwa jani, akavuka mto ungali haujafurika.

"Nimeleta chombo chako," akamwambia mke wa Kiboko.

Mke wa Kiboko akafunua, akatazama. "Pungufu konzi mbili."

"Zimekwisha ingia ardhini. Zikizaa nitakuletea nne."

"Sawa. Na ndizi zangu, alizobeba mtoto wa Kima?"

"Hizo kaongee na Kima."

"Nikamwambie hakimu?"

Wakatazamana, wanawake wawili, na vicheko vikawatoka, vile vyenyewe sasa, mpaka wakashikana mikono wasianguke kwenye tope.

Sasa funzo, maana hadithi bila funzo wakubwa hawalipi kwa kusikiliza. Funzo ni kwamba uongo hausaidii kitu, na hasa uongo wa msiba. Ukidhulumiwa usijichukulie hatua: nenda barazani, simama kwa adabu, subiri hakimu ashuke mgongoni mwa aliyekudhulumu. Atashuka. Minyoo ikipatikana. Na chombo cha watu usikirudishe, maana ukikirudisha watakuhesabia konzi. Anayefuata mafunzo haya atakufa na heshima zake zote, mapema, na watani wake watamchimbia kaburi zuri.

Hadithi nimeitua kama mtungi. Mwenye kiu achote, asiye na kiu asitie kidole. Na maganda ya karanga yaokoteni, humu ndani hakuna mtani wa mtu.